Mkosoaji aliyemlazimisha Darwin kuandika sura ya saba

Chapa ya sita ya kitabu cha Charles Darwin juu ya asili ya spishi ilitoka mwanzoni mwa 1872. Ndani yake kuna sura ambayo haikuwamo katika chapa ya kwanza ya Novemba 1859. Ni sura ya saba, na sehemu kubwa yake ni majibu kwa mtu mmoja, St George Mivart. Darwin anaanza kwa kumsifu. Anasema mwanazuolojia huyu mashuhuri amezikusanya pingamizi zote zilizowahi kutolewa dhidi ya nadharia ya uteuzi asilia, zikiwemo zile alizozitoa Darwin mwenyewe, na amezieleza kwa ustadi na nguvu za kusifiwa. Zikipangwa pamoja namna hiyo, anakiri, ni jeshi la kutisha.

Wengi wanaopenda kitabu hicho hushauri kisomwe katika chapa ya kwanza, iliyoandikwa kwa pumzi moja kabla maadui hawajajipanga. Ni ushauri mzuri kwa anayetafuta ladha ya uandishi. Lakini anayetaka kuona jinsi mtu mwenye akili anavyofikiri akibanwa, basi asome sura ya saba. Mimi naamini Mivart aliisaidia nadharia ya mageuko kuliko wengi walioishangilia. Naamini pia kwamba mawasiliano yake na Darwin hayakuvunjwa na dini, ingawa Darwin mwenyewe alidhani hivyo na ndivyo kisa hiki kinavyosimuliwa mara nyingi. Yalivunjwa na namna mtu anavyoyashika maneno ya mwenzake.

Mivart alizaliwa London mwaka 1827. Alijiunga na Kanisa Katoliki mwaka 1844 akiwa bado kijana, na kwa Uingereza ya wakati ule hatua hiyo ilimfungia mlango wa Oxford. Akasomea sheria, akawa wakili, lakini moyo wake ulikuwa kwenye mifupa. Alihudhuria mihadhara ya Thomas Huxley, yule aliyekuwa mtetezi mkali wa Darwin hadharani, akaandika tafiti za kina juu ya mifupa ya nyani na jamaa zao, na mwaka 1869 akachaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society, chama cha wanasayansi wakubwa wa Uingereza. Kwa hiyo hakuwa mhubiri aliyesimama nje ya jengo na kurusha mawe. Alikuwa mtu wa ndani. Tena alikubali kwamba spishi zilitokana na spishi nyingine. Alichokataa ni dai kwamba uteuzi asilia peke yake unatosha kueleza mabadiliko hayo.

Januari 1871 alitoa kitabu chake kuhusu mwanzo wa spishi, na swali lake kuu linaeleweka na mtu yeyote. Uteuzi asilia huhifadhi kile kinachomfaa kiumbe leo, haungojei faida ya kesho. Bawa linaloweza kuruka linafaa. Je, kichipukizi cha bawa, kisichoweza kumnyanyua mwenyewe hata shubiri moja, kilihifadhiwa kwa faida gani? Kiungo kilichokamilika hakimsumbui Mivart. Anauliza juu ya hatua zake za mwanzo kabisa. Na kwa kuwa alifundishwa uwakili, hakuliacha swali likielea hewani. Alileta mashahidi mmoja baada ya mwingine: twiga, samaki bapa, nyangumi, na wengineo.

Nianze na twiga, kwa kuwa huyo ni wetu. Mwanafunzi aliyesoma biolojia ya sekondari Tanzania au Kenya ameshakutana na shingo ya twiga, Lamarck upande huu na Darwin upande ule, mpaka anaweza kudhani kwamba Darwin aliijenga nadharia yake huku akimtazama mnyama huyo. Sivyo. Katika chapa ya 1859 twiga anatajwa hasa kwa sababu ya mkia wake, ambao Darwin aliuona umekaa kama usinga wa kufukuzia nzi. Aliyeigusa shingo mapema ni Alfred Russel Wallace, mwanaasili aliyeifikia nadharia hiyohiyo kivyake, katika andiko lake lililosomwa London Julai 1858 pamoja na maandishi ya Darwin. Maelezo marefu ya Darwin juu ya shingo ya twiga yamo katika sura ya saba, na yamo humo kwa sababu Mivart aliuliza.

Aliuliza hivi. Ikiwa shingo ndefu ilimwokoa twiga wakati wa ukame kwa kumfikisha kwenye majani ya juu, mbona wala majani wengine wenye kwato, walioishi nchi hiyohiyo na kupigwa na ukame huohuo, hawakurefuka shingo? Kisha akaongeza la pili ambalo ni zito zaidi. Mnyama akirefuka, mwili mzima unakua, na mwili mkubwa unahitaji chakula kingi. Wakati wa njaa, je, ukubwa huo hauwi mzigo wa kumuua kabla shingo haijamwokoa?

Jibu la kwanza la Darwin linanifurahisha kila nikilisoma, kwa sababu halitoki Afrika wala maktabani. Linatoka kwenye malisho ya Uingereza, nje ya dirisha la msomaji wake. Angalieni, anasema, mahali popote farasi na ng'ombe wanapolisha penye miti: matawi ya chini yamekatwa sawasawa kama kwa mkasi, kwenye kimo kilekile wanachofikia wanyama hao. Sasa mkileta kondoo hapo, atafaidika nini kwa kurefuka shingo kidogo? Nafasi ya juu imeshachukuliwa. Katika kila nchi kutakuwa na aina moja inayofika juu kuliko nyingine, na ni hiyo peke yake ambayo urefu zaidi utailipa. Kwenye migunga ya Afrika, shindano la matawi ya juu ni kati ya twiga na twiga.

Juu ya uzito wa mwili alijibu kwa tahadhari zaidi, akakumbusha kwamba kimo humsaidia twiga kumwona simba kutoka mbali. Jibu hilo la pili ni dhaifu kuliko la kwanza, na nadhani Darwin alijua.

Ninachopenda ni kwamba swali halikuishia hapo. Mwaka 1996 watafiti Robert Simmons na Lue Scheepers walionyesha kwamba mara nyingi twiga hula kwenye kimo cha chini hata wakati wa kiangazi, pale ambapo nadharia ya majani ya juu inamtaka anyooshe shingo. Wakapendekeza kwamba huenda shingo ilirefushwa na ugomvi wa madume, wanaopigana kwa kurushiana vichwa kama nyundo. Mwaka 2007 Elissa Cameron na Johan du Toit wakaleta ushahidi kutoka eneo la Kruger, Afrika Kusini. Walizungushia uzio baadhi ya migunga ili wala majani wafupi wasiifikie. Kwenye miti iliyo wazi, twiga hupata majani mengi zaidi kwa kila tonge akila juu. Kwenye miti yenye uzio, faida hiyo ya juu ilipotea. Kumbe huku chini palikuwa pameshapukutishwa na majirani zake wafupi. Hilo ni jibu la Darwin lilelile la malisho ya Uingereza, safari hii likiwa na vipimo.

Na nani alisema wengine hawakujaribu? Swala twiga wa Tsavo, Samburu na Mkomazi ana shingo ndefu na husimama kwa miguu ya nyuma kama mtu ili ale matawi ambayo swala wengine hawayafikii. Mivart hakumweka kwenye mizani, na ni hasara, maana mnyama huyo angempunguzia nguvu swali lake la kwanza. Visukuku navyo vimesema. Samotherium, jamaa wa kale wa twiga aliyeishi Ulaya na Asia takriban miaka milioni 7 iliyopita, alikuwa na mifupa ya shingo iliyo katikati: mirefu kuliko ya okapi, jamaa wa twiga wa misitu ya Kongo mwenye shingo fupi, na mifupi kuliko ya twiga. Shingo ya katikati ilikuwepo, na mwenye nayo aliishi na kuzaa.

Shahidi wa pili wa Mivart ndiye hasa aliyemtoa Darwin jasho. Wavuvi wa pwani yetu wanamjua: gayogayo, samaki bapa anayelala ubavu mmoja mchangani, macho yote mawili yakiwa ubavu wa juu. Hazaliwi hivyo. Akiwa mchanga huogelea wima kama samaki mwingine, jicho moja kila upande. Kisha jicho moja huanza kuhama, hupanda, huvuka utosi na kutulia kando ya mwenzake, na fuvu zima hujipinda kulifuata. Mivart akasema: kama jicho lilihama ghafla katika kizazi kimoja, huo si uteuzi wa hatua ndogondogo. Na kama lilihama kidogokidogo, basi jicho lililosogea sehemu ndogo tu ya safari, ambalo bado liko ubavu wa chini na linatazama mchanga, lilimfaa nini mwenyewe?

Darwin alijibu kwa kumtumia Malm, mtaalamu wa Sweden aliyekuwa amechapisha uchunguzi wake mwaka 1867. Malm aliwatazama samaki wachanga wakiwa hai. Wakichoka kuogelea wima, huanguka ubavu, na wakiwa wamelala hulikaza jicho la chini kutazama juu, kwa nguvu sana, wakati mifupa ya fuvu bado ni laini. Alimwona mmoja akilizungusha jicho hilo la chini kwa nyuzi zipatazo 70. Kwa hiyo, alisema Darwin, hata jicho lililoanza tu kusogea lina kazi: kila linapokaribia juu, juhudi ya kutazama inapungua na kuona kunaongezeka.

Hadi hapo jibu ni zuri. Lakini Darwin hakuishia hapo. Akaongeza kwamba juhudi hiyo ya samaki mmojammoja, ya kulikaza jicho, huenda ilirithiwa na watoto wake, vizazi na vizazi, mpaka ikawa umbile. Huko ni kwa Lamarck, aliyefundisha kwamba kile ambacho kiumbe hukipata kwa juhudi maishani hurithiwa na watoto wake. Leo tunajua kwamba jitihada ya mzazi hairithiwi namna hiyo. Hapa ndipo ninapoona gharama ya kubanwa na mkosoaji hodari. Mivart alimsukuma Darwin afikirie vizuri zaidi kuhusu hatua za mwanzo, na palepale akamsukuma kukubali msaada kutoka kwenye wazo ambalo lingemwangusha. Chapa ya sita ina hoja kali kuliko ya kwanza, na ina makosa mengi kuliko ya kwanza, na yote mawili yametoka kwenye chanzo kimoja. Pingamizi la mhandisi Fleeming Jenkin la 1867 kuhusu urithi lilikuwa limeshamtikisa, na wanafizikia walikuwa wakimwambia kwamba umri wa dunia hautoshi kwa mwendo wake wa polepole. Alikuwa mtu mgonjwa, mwenye umri wa miaka 62, akipigana pande zote.

Jibu kamili la gayogayo lilichelewa hadi 2008. Mwaka huo Matt Friedman alionyesha kwamba visukuku viwili kutoka zama za Eosini, Amphistium na Heteronectes, vinavyotoka Monte Bolca kaskazini mwa Italia na vyenye umri wa takriban miaka milioni 50, ni samaki bapa ambao jicho lao moja lilikuwa limeshahama lakini halijavuka utosi. Walikuwa samaki wazima, waliokomaa, jicho likiwa nusu njia. Amphistium alijulikana kwa wanasayansi tangu karne ya 18, yaani kabla Darwin hajazaliwa! Ushahidi wa umbile ambalo Mivart hakuliona faida yake ulikuwa kwenye makabati ya makumbusho ya Ulaya siku ile alipoandika swali lake, na hakuna aliyeutazama kwa jicho hilo.

Tena mtu wa pwani hana haja ya kwenda Italia. Yuko gayogayo mwenye meno makali, anayeitwa na wataalamu Psettodes erumei, anayepatikana Bahari ya Hindi kuanzia pwani ya Afrika Mashariki na kuvuliwa hadi leo. Mgeuze mkononi umtazame kichwani. Jicho lake lililohama limekwama juu kabisa, kwenye ukingo wa kichwa, halikushuka upande wa pili kama la jamaa zake. Wengine jicho la kuhama ni la kulia, wengine la kushoto, karibu nusu kwa nusu. Mara nyingine huogelea wima. Samaki huyo anaishi vizuri kabisa na umbile ambalo Mivart aliliona halina faida, na ningelipa nauli kubwa kumwona Darwin akimpokea akiwa kwenye barafu ndani ya sanduku.

Juu ya nyangumi nitapita haraka. Mivart aliuliza jinsi yale mabamba ya kinywani ya kuchujia chakula yalivyoanza, wakati bamba dogo halichuji kitu. Darwin akampeleka kwa bata. Kuna bata ambaye pembezoni mwa mdomo wake mna vibamba vyembamba vya kuchujia tope, kuna mwingine mwenye vibamba vifupi zaidi, na yuko bata bukini anayevitumia kukatia majani. Ngazi nzima ya hatua za katikati ilikuwa inaelea kwenye bwawa, kila ndege akijipatia riziki kwa hatua aliyopo.

Sasa barua. Katika miezi ileile ya 1871 Mivart na Darwin walikuwa wakiandikiana, na barua za Mivart zilikuwa za adabu. Julai, Darwin alimwandikia Wallace kwamba baada ya kumsoma Mivart hajawahi maishani mwake kuwa na hakika kuliko wakati huo kwamba mambo aliyoyaeleza, kwa ujumla wake ingawa si kwa kila kipengele, ni ya kweli. Kisha akaeleza malalamiko yake. Alikuwa amemlalamikia Mivart kwamba mara mbili ananukuu mwanzo tu wa sentensi zake na hivyo kuzibadilisha maana. Lakini hakuwahi kudhani, anasema Darwin, kwamba angefikia kuyaacha maneno. Anahitimisha kwa huzuni kwamba ingawa Mivart anakusudia kuwa muungwana, ushupavu wake unamzuia asitende haki.

Mwezi huohuo jarida la Quarterly Review likachapisha uhakiki wa kitabu kipya cha Darwin juu ya asili ya mwanadamu. Haukuwa na jina la mwandishi, kama ilivyokuwa desturi ya jarida hilo, lakini Darwin aliitambua kalamu. Uhakiki ule ulikuwa wa dharau. Mtu anayekuandikia kwa heshima kwenye bahasha, kisha anakukejeli bila jina kwenye jarida! Septemba alimwambia rafiki yake Joseph Hooker kwamba hamwelewi mtu huyu, na kwamba anadhani shina la yote ni ushupavu wa dini. Huxley naye akaingia uwanjani Novemba kwa makala kali, akaenda mpaka kwenye vitabu vya mwanateolojia Mkatoliki Francisco Suárez ili kuonyesha kwamba Mivart hata mafundisho ya Kanisa lake hakuyaeleza sawasawa. Januari 1872 Darwin akaomba mawasiliano yao juu ya jambo hilo yakome.

Namheshimu Darwin, lakini anaposema kwamba shina la yote ni dini simwamini. Alikuwa na ushahidi dhidi ya maelezo yake mwenyewe, na ushahidi huo ulikuwa kwenye barua zake. Ulikuwa unatoka Harvard.

Asa Gray, mtaalamu wa mimea wa Marekani, alikuwa akiandikiana na Darwin tangu 1855. Septemba 1857 Darwin alimweleza nadharia yake kwa barua, na sehemu ya barua hiyo ndiyo iliyosomwa London mwaka uliofuata pamoja na andiko la Wallace. Gray alikuwa Mkristo wa dhati wala hakuficha. Na alipinga jambo lilelile alilolipinga Mivart. Aliona kwamba mabadiliko madogo yanayoteuliwa na asili hayawezi kuwa yamejitokea tu, kwamba huenda yanaongozwa kwenye njia zenye manufaa. Mei 1860 Darwin alimjibu kwamba hakukusudia kuandika kama mtu asiyeamini Mungu, lakini hawezi kujishawishi kwamba Mungu mwema na mwenye uwezo wote aliwaumba kwa makusudi nyigu ambao watoto wao hula viwavi wakiwa hai kwa ndani, au kwamba paka alikusudiwa achezee panya.

Hayo ni maneno mazito kumwambia muumini. Gray hakukasirika, wala hakukubali. Aliandika makala zake mwaka 1860 akieleza kwamba uteuzi asilia na imani vinaweza kukaa nyumba moja, na Darwin, ambaye hakukubaliana na hitimisho hilo, akasimamia zichapishwe upya Uingereza kama kijitabu na kukitangaza ndani ya kitabu chake mwenyewe. Mwaka 1868 akampinga hadharani, kwa jina. Alitoa mfano wa mwashi anayejenga nyumba kwa mawe yaliyoporomoka kutoka genge: kila jiwe lilipata umbo lake kwa sheria za asili, lakini nani atasema kwamba liliporomoka kwa umbo hilo ili mwashi aje ajenge? Hata tukitamani, akasema, ni vigumu kumfuata Profesa Gray. Barua hazikukoma. Mwaka 1877 Darwin alikitabaruku kitabu chake juu ya maumbo ya maua kwa Gray.

Waumini wawili, pingamizi lilelile, na mwandishi yuleyule anayepokea barua. Mmoja alitunukiwa kitabu na mwingine akafungiwa mlango. Ingekuwa imani ndiyo sumu, Gray angefungiwa kwanza. Tofauti naiona mahali pamoja. Gray alipoeleza hoja ya Darwin, Darwin aliitambua kuwa ni yake. Aliwahi hata kumwambia Gray kwamba anakijua kitabu chake sawa na yeye mwenyewe. Mivart alipoieleza, Darwin alikuta sentensi zake zimekatwa vichwa na miguu. Huwezi kuandikiana na mtu ambaye lazima kila mara umrudishie maneno yako na kumwambia malizia kuyasoma. Haya tunayajua wenyewe kwenye mabishano yetu ya siasa na dini, ambamo kipande cha hotuba ya sekunde chache hugeuzwa kuwa msimamo wa mtu.

Kilichofuata ni kibaya zaidi, na hapo hoja za kisayansi hazikuwepo tena. Mwaka 1873 George Darwin, mtoto wa Charles, aliandika makala juu ya kuwekea ndoa masharti kwa ajili ya afya ya vizazi. Julai 1874, tena bila jina na tena kwenye Quarterly Review, Mivart alimtuhumu kijana huyo kuwa anatetea uasherati. Ilikuwa tuhuma ya uongo. George akajibu, Mivart akaomba radhi nusunusu. Baba mtu alikasirika kiasi cha kufikiria kumwacha mchapishaji wake, John Murray, ambaye pia ndiye aliyechapisha jarida hilo. Januari 1875 alimwandikia Mivart barua ya mwisho, akamwambia hatawasiliana naye tena. Marafiki zake waliendeleza kisasi. Hooker na wenzake walihakikisha Mivart hakubaliwi kwenye klabu ya Athenaeum, mahali walipokutana wakubwa wa elimu London. Hilo la klabu silipendi. Uongo juu ya George ulistahili kukemewa na ulikemewa, lakini kumfungia mtu sebule kwa miaka ni ulipizaji, na uliwafundisha vijana wa sayansi kwamba kumpinga Darwin kuna bei.

Kanisa nalo lilimtenga Mivart, mwaka 1900, miezi michache kabla hajafariki Aprili mwaka huohuo. Wengi hudhani ni kwa sababu ya mageuko. La. Mwaka 1876, miaka mitano baada ya kitabu chake cha mageuko, Papa Pius IX alikuwa amemtunuku shahada ya heshima. Kilichomponza ni makala zake za baadaye kuhusu mafundisho ya dini, zikiwemo zile za kusema kwamba hata motoni mwaweza kuwa na furaha ya namna yake, ambazo ziliwekwa kwenye orodha ya maandishi yaliyopigwa marufuku. Alikataliwa na pande zote mbili alizojaribu kuziunganisha, na kwa sehemu kubwa alijitakia kwa kalamu yake.

Lakini mwenendo wa mtu na swali lake ni vitu viwili. Alichokileta Mivart badala ya uteuzi asilia, nguvu ya ndani ya kiumbe inayokisukuma kubadilika kwa kuruka, hakikuzaa utafiti wowote kwa sababu hakuna aliyejua angeipima vipi. Swali lake ndilo lililozaa. Limezaa bata wa Darwin, uzio wa Kruger na jicho la Monte Bolca. Darwin alikuwa na kanuni ya kuandika papo hapo kila jambo linalokwenda kinyume na mawazo yake, kwa kuwa aligundua kwamba hayo ndiyo yanayosahaulika upesi. Mivart alimfanyia kazi hiyo kwa kitabu kizima.

Kidato cha nne, huku kwetu, mada ya mageuko hufundishwa kama hukumu iliyokwisha kutolewa: Lamarck alikosea, Darwin akapatia, andika ufafanue. Ningependa mwalimu aanze na Mivart. Awaulize wanafunzi kwa nini pundamilia hana shingo ya twiga, awaache wabishane kwa vipindi viwili, na kama shule iko karibu na Tarangire au Nairobi awapeleke waangalie migunga imekatwa kwenye kimo gani na ni nani anayefika hapo. Shule za Tanga, Kilwa na Lamu zimwombe mvuvi gayogayo mmoja. Wakishatoa majibu yao, wasomewe jibu la Darwin la 1872, kosa lake la Lamarck likiwemo, kisha matokeo ya uzio wa 2007, na waulizwe ni lipi kati ya maswali mawili ya Mivart juu ya twiga ambalo bado halijajibiwa vya kutosha.